Vile nlijifunza kusimamia mradi wa vyungu vya makumbi na mashine yake

Mimi si injinia. Kazi yangu ilikuwa supavaiza wa karakana huku Changamwe, Mombasa, hesabu ya stoo na zamu za watu, basi. Alafu boss akaja na lake. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 28 Agosti 2017 alikuwa anatafuta kitu cha kufanya na ile nafasi iliobaki tupu, sasa akasema tutengeneze vyungu vya miche kwa makumbi ya nazi, mtu apande mche na chungu chake kiozee humo humo ardhini, tuachane na vile vifuko vyeusi vya nailoni, na presi, ile mashine ya kuvikandamiza, iwe otomatiki, na msimamizi wa mradi ni wewe. Nikasema inshallah. Moyoni nasema huyu mzee anantafutia balaa.

Basi nikaanza kusoma usiku, video za bure, bando likiisha nalala. Kitu cha kwanza unakutana nacho ni chati ya Gantt, ya yule Mmarekani Henry Gantt, ya miaka ya 1910 huko, mistari tu ya kila kazi inaanza lini inaisha lini. Nzuri ya kumuonyesha boss, ukutani inapendeza. Lakini ilionisaidia kweli ni kritikali pathi, hii ilitoka kampuni ya DuPont mwisho mwisho wa miaka ya 1950: unaandika kila kazi, inachukua muda gani, inangoja kazi gani iishe kwanza, alafu unatafuta ule mlolongo mrefu kuliko yote manake huo ukichelewa siku moja mradi mzima umechelewa siku moja, hizo kazi zengine zina nafasi ya kupumua. Nlipochora yetu nkaona mambo mawili. Moja, mlolongo mrefu ni mashine: kuagiza, kuundwa China, meli, Kilindini, kuitoa bandarini, kuifunga. Pili, tarehe ya mwisho haikuwa ya boss wala yangu, ilikuwa ya mvua. Wenye vitalu vya miche wanajipanga kabla ya masika, kwa hivyo kama vyungu haviko sokoni wakati wa kaskazi, hio pesa umeikosa mpaka mwaka ujao.

Sasa hapo ndo kuna mtego. Kama mashine ndo inachukua muda mrefu, kila mtu anakwambia agiza leo. Lakini utaagizaje mashine ya kutengeneza chungu ambacho hujajua kitakuwa vipi? Kuna njia ya mageti ya Robert Cooper, profesa wa Kanada, yaani bidhaa inapita hatua kwa hatua na kila geti mnakaa mnaamua iendelee, irudi au ife. Ni safi, ila ukiifuata kama ilivyo unamaliza bidhaa kwanza ndo uanze mashine, na masika hayakungoji.

Nilichofanya ni kumuuliza muuzaji swali moja: wewe kwenye chungu changu unahitaji kujua nini hasa? Kumbe si mengi. Nguvu ya kukandamiza, ukubwa wa meza, presi inashuka kiasi gani, na joto. Unene wa ukuta, matundu ya chini, mdomo wa chungu, hayo yote yako kwenye moldi, ile kalibu inayokipa chungu umbo, na moldi inafunguliwa kwa bolti. Basi tukafunga yale manne mapema tukaagiza mwili wa mashine, moldi tukaziacha nyuma zikachongwe na fundi wa leth hapa hapa Changamwe. Wakati presi iko baharini sisi tulikuwa bado tunabishana unene. Kwangu mimi hio ndo ilikuwa mradi wenyewe, hayo mengine ni kufuatilia simu.

Mambo ya mazingira nayo nliyaona kwenye kozi yamewekwa mwisho, kama achari pembeni ya biriani, mimi nkayaweka ndani ya kila geti: maji lita ngapi, umeme kiasi gani, na chungu kinaishia wapi. Ukitaka kulinganisha na nailoni usilinganishe kifuko na chungu, linganisha mche mmoja uliofika shambani ukashika. Kifuko ni gramu chache tu, chungu cha makumbi ni kizito, lori linabeba vichache, na miche ikifa njiani hesabu yote ya uzuri inapinduka. Shida kubwa haikuwa umeme, wa Kenya mwingi ni wa mvuke wa chini ya ardhi kule Olkaria, maji na upepo. Shida ilikuwa maji. Makumbi yana chumvi, sodiamu na potasiamu, na kama yalilowekwa maji ya bahari ndo usiseme, mche unaungua majani. Lazima uyaoshe kwa maji yasiyo na chumvi, na nyote mnajua maji ya Mombasa, mfereji siku ukitaka, siku zengine mkokoteni na madumu. Kwa hivyo tenki za kukinga mvua ya paa zikaingia kwenye bajeti ya mradi tangu mwanzo si baadae, na maji ya suuza ya mwisho ndo yanaosha mzigo unaofuata mara ya kwanza. Kama chumvi imetoka unajua kwa mita ya kupima chumvi ya maji, ni ndogo tu unaitia mfukoni. Gundi nayo, utomvu wa mpira: ukitia kidogo chungu kinamomonyoka mkononi, ukitia sana mizizi haipenyi. Hapo hakuna njia ya mkato, ni kupanda na kungoja.

Kabla ya kulipa nkakaa na simu nkapima muda wa kila hatua ikifanywa kwa mikono. Nlidhani presi ndo inachelewesha. Wapi, ni kukausha! Boss alitaka mashine ya moldi nane kwa mkupuo, nkamuonyesha hesabu kwamba vyungu vibichi vitarundikana mpaka mlangoni, tukachukua ya nne, pesa ilobaki ikanunua rafu za kukaushia. Alinuna kidogo lakini alisaini.

Bi Mkubwa wetu wa kuchambua nyuzi akaniita pembeni: "Sasa mwanangu, hiyo mashine ikija, sisi twenda wapi?" Swali la haki, na mimi nlikuwa na jibu lilioandikwa. Waliokuwa wanapress kwa mikono wawili wakafunzwa kuendesha ile skrini na kusoma makosa ya PLC, ile kompyuta ndogo inayoongoza mashine, wengine kuosha na kukagua.

Jaribio la mashine kwa muuzaji, kabla haijaletwa, nlisisitiza watumie nyuzi zetu, nkatuma magunia, manake nyuzi zao laini zitafanya kila mashine ionekane hodari. Na kwenye mkataba malipo ya mwisho yalingoja jaribio la hapa, kwenye joto letu. Hewa ya Mombasa ina unyevu na chumvi, compressor ya hewa inavuta maji ndani ya mabomba, valvu zinashika kutu, kwa hivyo tukaweka draya ya kukausha hewa, filta na mabomba yenye mteremko. Hewa inapovuja tunatafuta na povu la sabuni ijumaa mashine zikizimwa kelele imeisha.

Baada ya hapo kipimo chetu cha mashine ni kile cha kuzidisha vitatu: muda iliofanya kazi, kasi, na vyungu vizuri. Chukua mfano zamu ya dakika 480, mashine ikasimama 60, hio ni asilimia 87.5, ikienda kwa asilimia 80 ya kasi yake, na vyungu vizuri vikawa asilimia 90, jumla ni 63. Boss akiona 63 anataka kumpigia fundi wa mashine, mi namwambia ngoja mzee, angalia kwanza ni ipi kati ya tatu. Kwetu mara nyingi ni kusimama, na kusimama mara nyingi ni nyuzi hazijafika kwenye hopa, lile pipa la kulishia mashine, kwa hivyo simu anapigiwa mwenye lori la makumbi.