Theluji Mpya ya Jericho

Anayetafuta picha za theluji Vermont, jimbo la kaskazini mashariki mwa Marekani, huelekezwa milimani, kwenye vituo vya watelezaji. Mimi nilitaka Jericho, mji mdogo mashariki mwa Burlington, kwa ajili ya mkulima mmoja wa ng'ombe wa maziwa aliyezaliwa huko mwaka 1865. Wilson Bentley hakuwa na shahada yoyote. Mama yake, aliyewahi kuwa mwalimu, alimfundisha nyumbani na kumpa hadubini. Kamera ilipatikana baadaye, kwa fedha za baba ambaye aliona mambo hayo ni upuuzi mtupu. Tarehe 15 Januari 1885, kijana huyo akiwa hajatimiza miaka ishirini, aliunganisha kamera na hadubini akanasa picha ya chembe moja ya theluji. Hakuacha tena. Alipofariki alikuwa amepiga zaidi ya 5,000, karibu zote hapo hapo shambani kwao.

Nilifikia Burlington, kando ya Ziwa Champlain, nikakaa kuisubiri theluji. Kulikuwa na theluji tele tayari, ila ya zamani: imegandamana, imekanyagwa, pembezoni mwa barabara imegeuka rangi ya majivu kwa mchanga na moshi wa magari. Hiyo haina faida kwa mpiga picha. Theluji mpya ina saa chache tu za uzuri wake. Upepo ukivuma inapukutika matawini, jua likipanda inalowa, na watu wakiamka wanaitia nyayo. Kwa hiyo kila jioni nilikuwa nasoma utabiri wa hali ya hewa kama msafiri anayesubiri meli, na uliposema itaanguka usiku kucha na kukoma asubuhi, nikapiga simu kwa dereva.

Dereva wangu alikuwa mtu wa Bukavu anayeishi Winooski, mji unaopakana na Burlington, ambako Wakongo ni wengi kiasi kwamba Kiswahili utakisikia barabarani bila kukitafuta. Alinizidi umri, nikamwita kaka. Yeye akaniita mdogo yangu. Tulipotoka ilikuwa kabla ya saa kumi na mbili alfajiri, giza tupu, theluji ikimiminika mbele ya taa za gari hadi barabara ikawa inakisiwa tu. Aliendesha polepole, mikono yote miwili kwenye usukani.

“Mdogo yangu, theluji ni kazi, haiko picha,” aliniambia tulipoishika Barabara ya 15. “Wewe utaipiga, utaenda zako. Mimi nikirudi nyumbani beleshi linanisubiri mlangoni.”

Sikuwa na jibu. Nilimuuliza kama amewahi kuitazama chembe moja moja. Akacheka, akasema ameitazama sana, ikiwa tani nzima juu ya gari lake.

Tulifika Jericho mbingu ikianza kupauka. Hiyo ndiyo saa niliyoitaka. Kabla jua halijachomoza, anga hutoa mwanga wa buluu, na theluji, kwa kuwa hurudisha karibu mwanga wote unaoiangukia, hubeba rangi hiyo hiyo. Ukipata dirisha moja lililowashwa taa ndani, au taa moja ya barazani, njano yake inawaka katikati ya buluu ile na picha inajipanga yenyewe. Kamera ukiiachia iamue rangi itajaribu kuiondoa buluu, ikidhani ni kasoro. Niliifunga kwenye mpangilio wa mwanga wa mchana nikaiacha theluji iwe ya buluu. Wapo wanaopenda kuisafisha baadaye kwenye kompyuta mpaka iwe nyeupe pe; naona wanaitupa asubuhi yenyewe.

Theluji ilikuwa bado inaanguka, na hapo kasi ya shata, kipazia cha kamera kinachofunguka na kufungwa kupitisha mwanga, ndiyo inayoamua unapeleka nini nyumbani. Kwa 1/30 ya sekunde kila chembe inakuwa mstari, na picha inaonyesha mvumo wake. Kwa 1/500 zinasimama hewani, nukta nyeupe zilizotapakaa. Nilipiga zote mbili. Ya mistari ilinipendeza mbele ya miti ya misonobari, kwa sababu misonobari ni myeusi. Mbele ya anga chembe hazionekani kabisa, ni nyeupe juu ya nyeupe. Kulenga nako kuna hila yake: lenzi inayojilenga yenyewe hushika chembe iliyo karibu na pua yako badala ya nyumba iliyo mbali, kwa hiyo nililenga kwa mkono. Na tone likiangukia kioo cha lenzi usilipulizie pumzi. Pumzi huganda papo hapo ikawa utando, na utando huo kuutoa ni shughuli.

Polepole nilianza kuona kwamba kazi ya siku ile ilikuwa kutafuta kisichokuwa theluji. Uwanja mtupu uliofunikwa wote ni mzuri ukiwa umesimama mbele yake. Kwenye picha ni karatasi. Kinachoufanya uwe theluji ni safu ya nguzo za uzio zilizovaa kofia, au mkokoteni wa zamani uliosahauliwa nyuma ya banda, au kijito kinachopita katikati kama wino. Mji huu, bahati njema, una kitu chekundu. Kwenye Barabara ya 15, juu ya Mto Browns, kimesimama kinu cha zamani cha kusaga nafaka, ukuta wake umepakwa rangi nyekundu iliyokolea. Chini yake maji yanaporomoka kwa kasi isiyoyaruhusu kuganda, meusi, na kingo za mto zilikuwa zimevimba kwa theluji iliyojikunja hadi karibu kugusa maji. Nilizunguka kinu kile kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, nikikanyaga pembeni kabisa ili nisiharibu mbele ya picha kwa nyayo zangu. Kwenye theluji mpya unafikiria picha kwanza, ndipo unainua mguu.

Kuhusu mwanga, kamera ina imani moja tu: kwamba ulimwengu ni wa kijivu. Kipimo chake kimetengenezwa hivyo. Ukiielekeza kwenye theluji inaona weupe mwingi kupita kiasi, inapunguza mwanga, na unarudi na theluji ya rangi ya saruji. Nilikuwa naongeza kati ya stopu moja na mbili, kila stopu ikizidisha mwanga maradufu, nikitazama histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kamera, isigonge ukuta wa kulia, upande wa weupe. Ikigonga, umepoteza vile vivuli vidogo vidogo ambavyo ndivyo vinavyoonyesha kwamba theluji ina uso, ina punje, imelala laini au imepigwa na upepo.

Ndani ya kinu hicho chama cha historia cha mji kinahifadhi picha na kumbukumbu za Bentley. Nilikuwa nimezitazama sana kabla ya safari. Kila chembe imesimama peke yake katika weusi kamili, nyota ya pembe sita au kisahani cha pande sita, imekamilika utadhani imechongwa na sonara. Weusi ule haukutoka kwenye kamera. Bentley alinakili kila picha kwenye kioo kingine, kisha akakaa na kisu chenye ncha kali akikwangua pembezoni mwa chembe, pande zote, kila kona na kila jino, ili itakapochapishwa mandhari yake iwe nyeusi. Mtaalamu wa hali ya hewa wa Ujerumani, Gustav Hellmann, alimlaumu kwamba kwa kukwangua hivyo anaharibu kingo za kweli. Lawama hiyo ina uzito kisayansi, na chembe nyingi halisi hazina ulinganifu mzuri wa zile alizochagua kutuonyesha. Lakini nikiwa nimesimama pale darajani, mikono imekufa ganzi, nikihangaika kuuweka ukuta mwekundu nyuma ya tawi jeupe, nilimwelewa. Alikuwa na tatizo langu.

Nikajaribu njia yake, kwa kiasi. Bentley alizikinga chembe kwenye ubao mweusi wenye mpini, ili joto la mkono lisizifikie, akaibana pumzi yake, akainyanyua moja kwa kijiti chembamba na kuilaza kwenye kioo cha hadubini kwa unyoya. Mimi nilikuwa na kitambaa cheusi kilicholala nje ya gari mpaka kikapoa sawasawa, na lenzi ya kupigia vitu vidogo. Mwanzoni zilianguka sindano na vijiti vifupi, na vipande vilivyovunjika. Umbo hutegemea joto na unyevu wa wingu chembe ilimokulia: karibu nyuzi 5 chini ya sifuri hutoka sindano, na nyota zenye matawi hupenda nyuzi 15 hivi chini ya sifuri. Kipimajoto cha gari hakikusaidii, maana chembe imezaliwa juu huko na kupita tabaka nyingi za hewa kabla ya kukufikia. Kadiri mvua ile ya theluji ilivyopungua, nyota zikaanza kuja. Ndogo mno, nyepesi mno, na kila nilipoinama karibu, pumzi iliyoniponyoka puani ilizigeuza matone. Zilizobaki kwenye kadi ya kamera zikiwa kali na safi ni chache, wala sizilinganishi na zake.

Ilipokoma, gari la kukwangua theluji likapita likimwaga chumvi, na barabara ikawa ya kahawia. Tukaondoka kinuni tukapanda hadi kwenye uwazi wa mashamba. Mawingu yalipopasuka, Mlima Mansfield, mrefu kuliko yote Vermont kwa mita zake 1,339, ulijitokeza mashariki. Nilipiga picha mbili tatu za mlima kwa sababu haiwezekani kutoupiga, kisha nikageukia jua la ubavuni, lililokuwa chini bado, likivuta kivuli cha kila mti kuvuka uwanja. Vivuli vilikuwa vya buluu, maana mle jua halifiki, ni anga pekee linaloangaza.

Makaburini Jericho Center, alikozikwa Bentley, tulikuta mawe yamefunikwa nusu na hakuna njia iliyofunguliwa. Nilibaki getini. Mwaka 1931 alichapisha kitabu pamoja na mwanafizikia William J. Humphreys, chenye picha zaidi ya 2,400, na wiki chache baadaye alitembea kurudi nyumbani katika dhoruba ya theluji. Nimonia ikamshika, akafariki tarehe 23 Desemba.

Betri ya pili ilikuwa inakata roho kwa baridi, ingawa nilikuwa nikizibadilisha moja kamerani, nyingine mfukoni karibu na mwili. Niliitia kamera kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga kabla ya kuingia garini, ili mvuke ugande nje ya mfuko badala ya ndani ya lenzi. Kaka akanitazama nikihangaika, akasema, “Uifungue tena. Mimi haujanipiga.”

Tulirudi kinuni. Akasimama mbele ya ule ukuta mwekundu, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi, theluji imemzunguka pande zote. Uso mweusi katikati ya weupe kama ule ni mtihani: ukipima mwanga kwa theluji, mtu anabaki kivuli chenye meno. Nikamgeuza jua limpige mgongoni, nikamwomba asogee mbele kidogo, theluji iliyo miguuni ikamrudishia mwanga kutoka chini, chini ya kidevu na chini ya kofia, pale pagumu. Nikapiga ya kwanza nikigawanya sawa, uso umeonekana na theluji imebaki na vivuli vyake. Ya pili nikapima kwa uso wake tu. Ngozi ikatoka safi, macho yanang'aa, na nyuma yake kila kitu isipokuwa ukuta kikaungua kikawa cheupe kitupu.

Nilimwonyesha zote mbili nikamweleza kwa nini ya kwanza ni bora. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

“Unitumie hii ya pili,” akasema. “Mama ataniuliza kama ninakula. Hataniuliza theluji.”