Mashine ya Wafoli na Nafasi Iliyobaki Kabatini

Kwa muda wa miezi mitatu nimekuwa nikijadiliana na nafsi yangu juu ya jambo ambalo wengine wangeliamua kwa dakika moja, nalo ni kama ninunue mashine ya kuokea wafoli nyumbani, yaani vile vikate bapa vyenye vishimo vya mraba, au niachane nayo kabisa. Kilichonifanya nisite hakikuwa bei, bali mashine ya kukamua juisi ambayo niliwahi kuinunua kwa shangwe, nikaitumia mara nne, kisha ikahamia kabati la chini nyuma ya masufuria makubwa na kukaa huko. Safari hii nilimwomba mama mdogo aniazime yake kwa majuma matatu kabla sijatoa hata senti moja.

Swali langu la kwanza lilikuwa kama mashine hii inafanya kazi ambayo kikaango hakiwezi. Rojo lenyewe ni la kawaida, yaani unga, mayai, maziwa, mafuta na hamira ya unga, kwa hiyo siri haimo humo. Siri imo katika mabamba mawili yanayopika juu na chini kwa wakati mmoja, na katika vile vishimo vya mraba, ambavyo huongeza eneo linalogusana na chuma cha moto, hata wafoli ikapata ukoko mkavu unaolia mdomoni huku ndani ikibaki laini. Nilijaribu pia kumimina rojo lilelile katika kalibu ya silikoni na kuitia ovenini, nikapata kitu chenye umbo la wafoli lakini kilichopauka na kulegea kama keki iliyotolewa mapema.

Jambo ambalo sikulitarajia ni nafasi ya mvuke katika shughuli yote hii. Maji yaliyomo katika rojo hugeuka mvuke na kutokea pembeni mwa mashine, na mvuke huo unapopungua ndipo wafoli inapokuwa imekaribia kuiva. Mama mdogo hutazama mvuke tu, wala taa ya kijani haimshughulishi. Mimi niliiamini taa, nikafungua mapema, na wafoli ikapasuka nusu kwa nusu, upande mmoja umeng'ang'ania bamba la juu na mwingine la chini. Tena ukizipanga wafoli moja juu ya nyingine kwenye sahani, mvuke hunaswa katikati na ukoko wote hulainika kabla watu hawajaketi mezani. Sisi tuko watano, na kila wafoli huchukua dakika nne au tano, kwa hiyo wa kwanza alikuwa akimaliza kula huku wa mwisho bado anashika uma. Dawa niliyoipata ni kuziweka juu ya wavu ndani ya oveni yenye joto la nyuzi 100 hivi, ambako hukaa kavu mpaka zitimie.

Usafishaji nusura unikatishe tamaa. Mabamba ya mashine ile hayatoki, na kwa kuwa ni ya umeme huwezi kuitumbukiza majini. Sukari ikiungua ndani ya vishimo, unabaki kuichokonoa kwa kijiti, kwa sababu kisu au uma wa chuma utakwangua utando unaozuia chakula kushika. Hata mafuta ya kupuliza kutoka kwenye kopo hayafai sana, maana mengi huwa na lesithini, ambayo huacha utando wa kunata unaozidi kuwa mgumu kila mashine inapowashwa.

Niliwahi kufikiria ile ya chuma kizito ya kuweka juu ya jiko, jamaa ya ile ambayo Cornelius Swartwout wa Troy, New York, alipewa hataza yake tarehe 24 Agosti 1869. Haina waya wala utando wa kuchakaa, na ikitunzwa huweza kurithiwa. Lakini hudai kupakwa mafuta na kukaushwa vizuri kila mara, nami najijua. Wapo pia wanaoisifu mashine ya wafoli kwa kazi nyingine, kama kuoka viazi vilivyokunwa, ingawa hakuna aliyekwenda mbali kama Bill Bowerman, kocha wa riadha wa Oregon, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alimimina urethani, aina ya plastiki, katika mashine ya nyumbani kwake akitafuta soli ya viatu vya kukimbilia, na mashine ikagandamana isifunguke tena.

Katika majuma yale matatu niliweka hesabu: juma la kwanza tulitumia mashine mara nne, la pili mara mbili, la tatu mara moja. Niliiona njia ileile ya mashine ya juisi, nikairudisha bila majonzi. Jumamosi mbili zikapita kimya. Jumamosi ya tatu mtoto wangu mdogo akauliza "mkate wa madirisha" umekwenda wapi, na nikagundua kwamba swali hilo nilikuwa nalo mimi pia.

Nimeamua kununua, kwa matumizi ya mara moja kwa juma. Itakuwa ya vishimo vifupi, kwa sababu wafoli nyembamba huiva haraka kuliko zile nene za mtindo wa Ubelgiji. Mabamba yake yatakuwa ya kutoka, na yenyewe iweze kusimama wima kabatini. Nafasi imekwisha kupatikana: mashine ya juisi iliondoka jana asubuhi, na aliyeichukua ni mama mdogo.