Chumvi ya Madame

Juzi nilikuwa nikisoma habari za Georges Blanc wa Vonnas, yule mpishi wa Ufaransa aliyeshika nyota tatu za Michelin, daraja la juu kabisa la kitabu kinachopima mikahawa, tangu 1981 na mwaka 2025 akabakishiwa mbili. Binti yangu mdogo alikuwa amejilaza begani kwangu, akaona picha ya kuku mweupe mwenye miguu ya buluu.

"Mama, si huyu uliyekuwa ukimpika kule?"

"Ndiye."

"Alikuwa mtamu?"

Nikamwambia watu walitoka Lyon na Geneva kuja kumla. Akatikisa kichwa. "Si hao. Wewe."

Kule ni Ufaransa, kwenye nyumba niliyojifunzia upishi. Hoteli ya familia katika mkoa wa Ain, si mbali na Bourg-en-Bresse, vyumba juu, ukumbi wa chakula chini, jiko nyuma. Monsieur na divai zake. Mwanawe mpishi mkuu, mkaza mwana akiongoza ukumbi, wajukuu wakifanya kazi za shule kwenye kona ya meza ya wafanyakazi. Na Madame, aliyekuwa kila mahali: funguo za wageni, vitambaa vya meza vilivyopigwa pasi, jamu ya asubuhi, maua. Jumapili jioni tulifunga, Jumatatu tukapumzika, na hata Jumatatu ungemkuta Madame amepanda ngazi akikagua mabomba ya bafuni.

Mimi nilikuwa msichana wa Mombasa niliyekwenda kujifunza kazi, na nyama ya pale sikuila. Haikuchinjwa kwa namna yetu, na michuzi mingi ilikuwa na divai. Nilimwambia mpishi mkuu siku ile ile niliyofika, kisha nikasubiri anirudishe nilikotoka. Aliguna tu, akanipeleka upande wa mboga. Madame alikuwa akipita na kapu la nguo, akauliza swali moja: "Na samaki?" Nikasema samaki nala. Tangu siku hiyo, saa tano na nusu mchana na saa kumi na mbili na nusu jioni, tulipokaa kula sote meza moja, familia na vibarua, hapakukosa chakula changu. Yai, samaki wa mtoni, dengu. Hakuna aliyelisema jambo lile, na kutosema kwao kulinituliza kuliko maneno yoyote.

Huyo kuku wa Bresse ndiye fahari ya eneo zima. Jina lake linalindwa kwa sheria tangu 1957, na masharti yake ni magumu: kila kuku apate si chini ya mita 10 za mraba za nyasi, alelewe kwa mahindi, ngano na maziwa, asichinjwe mpaka akaribie miezi minne. Poularde, yaani tembe aliyenoneshwa, husubiriwa zaidi. Manyoya meupe, kishungi chekundu, miguu ya buluu. Wenyewe wanasema amevaa bendera yao. Na wapishi waliompa sifa walikuwa kina mama. Élisa Blanc, bibi yake Georges, alilishika jiko la Vonnas mwaka 1902. Eugénie Brazier, mtoto wa shambani aliyezaliwa 1895 karibu na Bourg, alikwenda Lyon, na mwaka 1933 mikahawa yake miwili ikapewa nyota tatu kila mmoja. Madame aliwataja hao kama majirani waliohama mtaa.

Naye alikuwa na sufuria yake. Pana, ya shaba, imetundikwa mahali ambapo mwingine hakupeleka mkono. Humo alipika kuku wa malai, chakula kilichowarudisha wageni mwaka hadi mwaka. Mwanawe alipika vyote vingine. Kile, hapana.

Mwisho wa Oktoba Madame alianguka kwenye ngazi za ghala akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Alirudi kutoka hospitali na plasta mpaka kwenye kiwiko. Jumamosi ile ukumbi ulikuwa umejaa, vyumba vyote vimechukuliwa. Nilidhani kuku wa malai angefutwa kwenye orodha. Madame aliingia jikoni, akasimama mbele ya jiko lake, akamtazama mwanawe, akamtazama msaidizi wa mwanawe, kisha akaniita mimi.

Mpishi mkuu alisema, "Mama, huyu haonji."

"Najua," akasema Madame. "Nitamwonjea mimi."

Nikaitungua ile sufuria. Ilikuwa nzito kuliko nilivyofikiri.

Akaniambia nisiitazame siagi, niisikilize. Siagi inapoanza kuyeyuka hupiga kelele, kwa sababu maji yake yanakimbia. Kelele ikipungua, kama mvua inayoondoka juu ya makuti, maji yamekwisha, na una muda mfupi sana kabla haijawa nyeusi. Hapo ndipo kuku huingia, ngozi ikiwa chini. Nikasubiri. Jiko zima lilikuwa likipiga kelele, maagizo yakisomwa dirishani, wote wakiitikia "Oui, chef," nami nilikuwa nimeinamia sufuria nikitafuta sauti moja tu. Nikaisikia ikishuka. Nikaweka vipande kimoja kimoja. Visiwe vya kahawia, akasema, mchuzi lazima ubaki mweupe. Vikaingia vitunguu vilivyokatwa vinne, uyoga, vitunguu saumu na maganda yake, fungu la majani lililofungwa kwa uzi.

Ikafika zamu ya divai. Nilinyoosha mkono kuifuata chupa, kwa kuwa kazi ni kazi na mchuzi haungoji mtu. Madame akaitangulia kwa mkono wake wa kushoto. Alimimina mwenyewe, mkono ukimtetemeka, matone mengine yakaangukia jikoni yakatoa mvuke. Hakunitazama. Akasema tu, "Ikichoma pua, bado. Ikiacha kuchoma, malai."

Ikaacha kuchoma. Nikamimina malai, mazito ya kule kule Bresse. Povu lake mwanzo ni dogo na jingi, linakimbizana. Kadiri mchuzi unavyokaza, viputo vinakuwa vikubwa na vivivu. Nilichovya mwiko, nikapitisha kidole mgongoni mwake, mstari ukabaki bila kufungana. Tukauchuja. Nikakamua limau.

Chumvi ndiyo iliyobaki. Divai utainusa, siagi utaisikia, malai utayaona kwa macho. Chumvi haina harufu wala sauti ya kukuambia imetosha. Sharti iguse ulimi. Nilitia kwa vidole vitatu, nikarudi nyuma hatua moja. Madame akaonja kwa ncha ya kijiko.

"Bado."

Nikatia tena. Akaonja.

"Bado kidogo."

Mara ya tatu hakusema kitu. Alichukua sahani kwa mkono wake mzima, akaielekeza kwangu nipakue.

Mengine yalipita mbio. Sahani zilitoka, nyingine zikatoka, nikasahau miguu yangu. Kitu kimoja tu kilinisimamisha. Kulikuwa na bwana na bibi wazee waliokuja kila vuli, na Madame alikwenda kuwaambia nani aliyepika. Nikaitwa ukumbini na aproni yangu yenye madoa. Sahani zao zilikuwa zimefutwa kwa mkate mpaka zikang'aa. Yule mzee akaniuliza kwa upole kabisa: "Na wewe, binti, kuku wetu umemwonaje?"

Kabla sijafungua kinywa, Madame alijibu: "Anamjua kuliko sisi sote."

Usiku ule, jiko lilipokwisha kusuguliwa, tulikaanga chapati ndogo za viazi, mayai na malai, zile wanazowapa wageni pembeni ya kuku. Mimi nikikaanga, yeye akiamrisha. Hizo nilikula mpaka nikashiba, na ladha yake naijua barabara.

Lakini jibu lake kwa yule mzee sijaacha kuligeuza. Sijui kama alisema alichoamini, au aliniona nitaona haya akanifunika. Haya sikuwa nayo. Laiti ningepewa nafasi, ningemjibu mzee yule ukweli, na pengine angeuelewa. Kisha najiambia kwamba mama mwenye nyumba alisimama mbele ya wageni wake wa miaka mingi akanitanguliza mimi mbele ya ukoo wake, kwa chakula nisichokila, na nani mwingine aliwahi kunifanyia hivyo?

Shangazi yangu wa Kisauni ana maoni tofauti. Nilipomsimulia alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Na mvuke wa ile divai hukuuvuta?" Nimewauliza watu wanaojua dini kuliko mimi, majibu hayakulingana, nami naendelea kuuliza.

Madame alifariki miaka kadhaa baadaye. Wajukuu walichagua kazi nyingine, nyumba ikauzwa. Mwaka uliopita mwanawe, yule mpishi mkuu, aliniandikia. Mama yake hakuacha maandishi, na katika maisha yake yote hakumruhusu kuigusa sufuria ile. Je, nakumbuka alivyofanya? Nilimwandikia kila kitu: siagi inyamaze kiasi gani, pua iache kuchomwa lini, viputo viwe vikubwa vipi, mstari wa mwiko ukae namna gani. Kwenye chumvi niliacha pengo, nikamwambia alijaze mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyelelewa akila.