Kabla ya kununua mkokoteni, jaribu hotipoti

Anayepanga kuuza chakula cha mchana cha kutembeza hapa Nairobi kwa kawaida huanza na mkokoteni: rangi gani, magurudumu mangapi, fundi yupi wa Kamukunji. Mkokoteni ungoje. Uliza kwanza ni chakula gani kitakaa kwenye hotipoti kwa muda wa saa mbili na bado kivutie kikifunuliwa. Chapati hutoa jasho na kushikana. Ugali hulowa chini na kukauka juu. Samaki wa kukaanga hulegea ngozi. Vinavyovumilia ni maharagwe, ndengu, githeri, wali, nduma na viazi vitamu, na ni bahati njema kwamba hivyo ndivyo vyenye lishe na visivyoumiza mfuko.

Pangia sahani 40 kwa siku, usizidishe mwezi wa kwanza. Maharagwe makavu gramu 70 kwa sahani ni kilo 2.8, na yakiiva uzito huzidi mara mbili. Mchele gramu 100 kwa sahani, kilo 4. Mboga za majani kilo 5 kabla ya kuchambua. Mafuta yapimwe kwa kikombe: mililita 400 kwa sufuria zote, yaani 10 kwa kila mlaji. Chumvi isipite gramu 80, na hapo uhesabu hata ile iliyo ndani ya viungo vya pakiti. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima, nawe unampa mlo mmoja tu.

Nafaka zipo Nyamakima, na uzikague pale pale dukani. Mahindi ya githeri yenye ukungu au harufu ya uvundo yaache, hata ukipunguziwa bei. Sumu kuvu, ile itokanayo na ukungu, haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka wa 2004 iliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui.

Maharagwe loweka usiku, mwaga maji hayo, kisha yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto, kwa sababu maharagwe mekundu yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauimalizi. Nyanya zitiwe yakishaiva. Ukizitia mapema, uchachu wake huyafanya yakatae kulainika. Wengine hukimbilia magadi ili kuokoa gesi. Ni kweli yanalainisha haraka, lakini yanaharibu vitamini B1 na kuacha ladha kama ya sabuni ambayo mteja hataitaja, atahama tu. Sufuria ya presha huokoa gesi zaidi.

Mboga ndizo zinazowashinda wengi. Sukuma iliyotoka jikoni kijani kibichi, ukiifunika ikiwa na mvuke, ifikapo saa saba imekuwa rangi ya majani makavu. Ioshe kabla ya kuikata. Ipike mwisho kabisa, dakika tatu au nne, uitandaze kwenye sinia ipumue kidogo, ndipo uifunge moto kwenye chombo kipana na kifupi. Siku za safari ndefu peleka terere au managu, ambazo rangi yake ni nzito tangu mwanzo, au kabichi na karoti.

Hotipoti nayo ina adabu yake. Ijaze maji yanayochemka kwa dakika 10, uyamwage, kisha upakie chakula mpaka juu. Ikiwa nusu tupu inapoa upesi. Nunua kipimajoto cha jikoni. Pakia saa tano, fungua saa saba, choma kipimajoto katikati: kikisoma chini ya nyuzi 60, bado hujawa na biashara. Wali uliolala nje usiurudishe kesho. Vijidudu vyake huvumilia kuchemshwa, na sumu vinayotoa haiondolewi na kupasha moto.

Mzigo wote, pamoja na maji ya kunawa, hupita kidogo kilo 30, na baiskeli yenye keria imara na sanduku la mbao inaubeba. Sahani 40 ndani ya nusu saa, kwenye geti la kiwanda pale Industrial Area, ni sekunde 45 kwa mtu. Kwa hiyo upawa uwe mmoja wa maharagwe, mmoja wa wali, na namba ya malipo ya M-Pesa iandikwe kubwa kiasi cha kusomwa na wa mwisho kwenye foleni. Anayetaka kubeba aje na bakuli lake. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017.

Leseni ya kaunti na cheti cha afya cha anayegusa chakula, kinachofanywa upya kila miezi sita, vitafute kabla ya siku ya kwanza. Pia elewana na mwenye ploti ili usimame ndani ya mpaka wake. Kando ya barabara, kanjo, yaani askari wa kaunti, hawatauliza githeri imepikwaje.

Watu wa mjengo wengi hulipwa Jumamosi, kwa hiyo Alhamisi na Ijumaa wataomba deni. Amua mapema ni sahani ngapi unaweza kukopesha, tuseme tano, na uziandike. Kwenye ofisi na viwanda, mwezi ukifika kona na mifuko ikiwa mitupu, pika sahani 30.