Mara ya Mwisho Alikojoa Lini?

Swali hilo niliulizwa kwa simu na muuguzi wa kliniki ya wanyama, Jumanne asubuhi, nikashindwa kulijibu. Nilikuwa nimepiga kuomba nafasi ya kumpeleka Majivu, paka wangu dume wa miaka mitano, jioni nikitoka kazini, na nilikuwa nimeshajiandaa kueleza kwamba choo kimemfunga. Nilijua alikula nini juzi, nilijua alikolala, nilijua hata kwamba amegoma kupanda dirishani kama ilivyo desturi yake; lakini kuhusu mkojo sikuwa na la kusema, zaidi ya kwamba usiku kucha alikuwa akiingia na kutoka kwenye sanduku lake la mchanga. "Dada, hebu nenda ukauangalie huo mchanga, mimi nasubiri hapa hapa," akasema. Nikaenda, nikaupekua. Ulikuwa mkavu wote, isipokuwa doa moja lisilozidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, nalo lilikuwa na wekundu wa mbali.

"Basi si jioni. Mlete sasa. Usimbonyeze tumbo, usimpe mafuta wala dawa yoyote."

Mafuta nilikuwa nimeshampa. Usiku wa Jumatatu nilimtilia kijiko kizima mdomoni nikiamini namlainishia choo, naye akapaliwa, akakohoa, akanikimbia na kwenda kujibanza nyuma ya kapu la nguo chafu. Baadaye daktari aliniambia, bila kunikemea, kwamba mafuta anayotiliwa mnyama kwa nguvu huweza kuteleza yakaingia mapafuni, na kwamba paka anayechuchumaa na kujikamua bila kutoa kitu hudhaniwa amefunga choo mara nyingi kuliko inavyodhaniwa kwamba mkojo umezuilika. Kwa nje, mkao ni ule ule. Nimelitafakari sana jambo hilo siku hizi kumi na mbili: nilimtazama usiku mzima, nikaona kila kitu, na nikakipa jina lisilo lake.

Dume yuko hatarini zaidi kuliko jike kwa sababu mrija wake wa mkojo ni mrefu na mwembamba, na kuelekea mwishoni huzidi kuwa mwembamba. Ute ukichanganyika na chembechembe zinazofanana na mchanga laini, hujenga kizibo. Wakati mwingine hata kizibo hakipo, ni misuli ya mrija tu iliyokaza kwa uvimbe na maumivu. Kibofu huendelea kujaa, mgandamizo hurudi nyuma hadi kwenye figo, na figo zikishindwa kutoa taka, potasiamu hulimbikizana katika damu. Hapo ndipo mkojo unapogeuka kuwa jambo la moyo, kwa kuwa potasiamu ikizidi hupunguza kasi ya mapigo, huvuruga mpangilio wake, na mwisho huyasimamisha. Paka aliyezibwa kabisa anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu, na baadhi yao hawafiki huko. Kwa hesabu yangu, nilipokuwa nikiomba nafasi ya jioni, Majivu alikuwa ameshakaa saa ishirini hivi.

Tulipofika, chumba cha kusubiria kilikuwa kimejaa. Muuguzi alifungua kizimba kabla sijamaliza kutaja jina, akampapasa tumbo kwa vidole viwili, akainua mdomo wa juu na kuutazama ufizi, akaubonyeza ukawa mweupe, akangoja rangi irudi. Kwa mnyama ambaye damu yake inazunguka vizuri, rangi hiyo hurudi kabla ya sekunde mbili kwisha. Sikuona ya Majivu ilichukua muda gani, kwa sababu muuguzi alikuwa ameshambeba na mlango wa ndani umeshafungwa. Nyuma yangu mzee mmoja mwenye mbwa aliyekuwa akitikisa kichwa na kujikuna sikio alishusha pumzi kwa nguvu. Alikuwa amefika kabla yangu; alikuwa amefika kabla ya wengi wetu.

Nilimwelewa, kwa maana miezi miwili kabla ya hapo mtu wa kushusha pumzi alikuwa mimi. Mbwa wangu Doria alikuwa amechanika ukucha, damu imetapakaa sakafuni kana kwamba pamechinjwa, nami nikamkimbiza kliniki nikiwa na hakika kwamba hakuna dharura kubwa kuliko yangu siku ile. Tulisubiri karibu saa tatu. Tulipoitwa hatimaye, daktari alikuwa ameshaanza kuzungusha bandeji pale alipoingizwa mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu, tumbo limevimba na kukaza, anajaribu kutapika mara kwa mara bila kutoa kitu ila povu. Daktari aliiachia bandeji ikining'inia mguuni mwa Doria na kutoka bila kutuaga. Niliona ni dharau, na niliporudi nyumbani nilimweleza kila aliyenisikiliza. Sasa najua kwamba tumbo la mbwa wa namna ile hujaa gesi, likajisokota na kufunga njia zote mbili, ya kuingia na ya kutoka, huku likiibana mishipa mikubwa inayorudisha damu kwenye moyo. Mbwa huyo hana saa tatu za kusubiri. Ukucha wa Doria ungeweza kungoja hadi kesho yake, tena ningeufunga kwa kitambaa safi na kuukandamiza, damu ingekoma.

Kliniki nyingi hutangaza kwamba zinampokea mnyama siku hiyo hiyo, na zamani nililichukua neno "leo" kama jambo moja. Nimegundua kwamba ndani yake mna mambo mawili yasiyolingana. Kuna mnyama anayehitaji kuonwa leo: jicho analolifumba na kulikwepesha mwanga, kidonda cha kung'atwa ambacho kwa juu ni tundu dogo lakini chini ya ngozi nyama imeraruka, mguu asioukanyagia, kutapika kunakojirudia huku bado akinywa maji. Huyo akipewa nafasi ya alasiri hajadhulumiwa. Na kuna yule ambaye leo kwake ni mbali mno: asiyeweza kukojoa, asiyeweza kupumua bila kuhangaika, asiyeweza kusimama, mwenye degedege lililopita dakika tano. Paka anayehema kwa mdomo wazi, hata akiwa ametulia mahali pake, ni wa kundi hilo la pili, ingawa mtu aliyezoea mbwa anaweza kumwona ni paka aliyechoka tu.

Kinachonisumbua ni kwamba macho yetu hayaelekei kupima hivyo. Yanafuata damu, kelele na kuchechemea. Paka, hasa, ana tabia ya kuuficha ugonjwa wake. Hajipigii kelele, anajitenga. Majivu hakulia hata mara moja usiku ule. Alijilamba sehemu za nyuma kwa bidii ambayo niliiona kuwa ni usafi wake wa siku zote, nikamsifu hata.

Ugumu zaidi uko kwa sumu, maana hapo mnyama anaweza kuonekana mzima kabisa. Mbwa aliyekula sumu ya panya ya aina inayozuia damu kuganda huendelea kucheza na kula kwa siku tatu, nne, tano, hadi akiba ya mwili inapokwisha ndipo aanze kuvuja damu ndani. Akifikishwa mapema, vitamini K1 hutosha kumwokoa kwa kiasi kikubwa. Paka akilamba hata chavua ya ua la lili (si yungiyungi la majini), figo zake huanza kuharibika kimya kimya. Kidonge kimoja cha parasetamoli, ambacho kwetu sisi ni cha kutuliza kichwa, humharibia paka damu isiweze kubeba oksijeni, na fizi zake hugeuka rangi ya matope. Nilipomsikia daktari akiyataja hayo nilishukuru kimoyomoyo kwamba usiku ule niliishia kwenye mafuta, kwa sababu kabati la dawa lilikuwa wazi na nilikuwa nimesimama mbele yake.

Narudi kwenye Jumanne. Baada ya muda ambao sikuupima, daktari alitoka na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya makadirio ya gharama, nikaitia saini bila kuisoma vizuri, jambo ambalo simshauri mtu, kwani daktari mwenyewe alinisihi niisome na akaniambia kwamba lipo la kufanya kwa kila kiwango cha fedha. Ya pili ilikuwa na swali moja lenye visanduku viwili. Akanisomea kwa sauti, polepole: "Moyo wake ukisimama wakati tunamshughulikia, tujaribu kuurudisha, au tumwache?" Nilikuwa nimeleta paka mwenye choo kigumu. Nilimtazama yule daktari nikitumaini ataona kwamba amekosea karatasi, akawa ananingoja tu, amenishikia ubao wa kuandikia ili usitikisike. Mapigo ya Majivu, aliniambia, yalikuwa chini ya 120 kwa dakika, ilhali paka mwenye hofu kliniki huenda hata 200. Potasiamu ilikuwa imepita 8, na kwa paka mzima haizidi sana 5. Nikaweka alama kwenye kisanduku cha kwanza.

Walianza na moyo kabla ya mkojo, na mpangilio huo ulinishangaza. Alichomwa kwenye mshipa sindano ya kalisi, ambayo haipunguzi potasiamu hata kidogo, ila huukinga moyo kwa nusu saa hivi ili kazi nyingine ipate kufanyika; kisha insulini pamoja na glukosi, kuisukuma potasiamu irudi ndani ya seli; na dripu. Ndipo akalazwa kwa dawa ya usingizi na kuwekewa mpira mwembamba wa mkojo. Mkojo wa kwanza ulitoka mwekundu mzito. Alikaa wodini siku tatu, na siku ya kwanza alitoa mkojo mwingi kupita kiasi, jambo ambalo, kumbe, nalo lina hatari yake: figo zilizofunguliwa ghafla humwaga maji bila kipimo, hivyo muuguzi alikuwa akipima kinachotoka kila baada ya saa chache na kurekebisha dripu ilingane nacho. Niliporuhusiwa kumwona, alikuwa amevaa kile kikola cha plastiki shingoni, amekasirika. Sijapata kufurahia hasira ya kiumbe yeyote kama nilivyoifurahia ile.

Mzee wa mbwa wa sikio nilimkuta tena siku ya kumchukua Majivu; alikuja kurudia dawa. Aliniuliza hali ya paka. Nilitaka kumwomba radhi kwa kumpita siku ile, nikaona haya, kisha nikamwambia habari za mkojo na moyo, akashangaa, akasema mbwa wake naye alitibiwa jioni ile ile na sikio linapoa. Tukaachana hapo.

Nyumbani nimebadilisha mambo machache. Namba ya simu ya kliniki, pamoja na ya ile inayofunguliwa usiku, nimeziandika kwa kalamu nene na kuzibandika mlangoni, ingawa simu yangu inazo, kwa kuwa usiku ule mikono yangu ilitetemeka hata nikashindwa kufungua simu. Kizimba hakikai tena juu ya kabati. Kiko sebuleni, mlango wazi, na Majivu ameanza kulala ndani yake mchana. Jioni wanapolala nawahesabia pumzi kwa dakika moja: Doria kumi na nane, Majivu ishirini na mbili. Ikipita thelathini wakiwa usingizini, nitapiga simu. Nilijihisi mjinga siku ya kwanza nilipofanya hivyo, na mdogo wangu alinicheka waziwazi, lakini nimeendelea.

Daktari hakunificha kwamba tatizo hili hupenda kurudi, na kwamba likirudi mara kwa mara kuna upasuaji wa kuiondoa sehemu nyembamba ya mrija na kuacha njia pana zaidi. Tumeanza na chakula chenye majimaji mengi, mabakuli ya maji katika vyumba viwili, na sanduku la pili la mchanga. Mchanga wenyewe ni wa ule unaogandamana unapolowa, kwa hiyo unahesabika, nami nauhesabu kila asubuhi na kuandika katika ukurasa wa nyuma wa daftari hili. Jumamosi mabonge matatu. Jana manne, moja dogo. Leo nimeamka saa kumi na moja alfajiri kwa sauti ya kucha zikifukua mchanga gizani, nikakaa kitandani nikisikiliza, kisha nikawasha taa nikaenda kuangalia: mabonge mawili, makubwa, bado ya moto.