Nimerudi Ng'ambo ya Kagera, na Makaburi ya Kwetu Hayaonekani

Sisi tuliozaliwa kati ya mto Kagera na Mutukula tulikulia kwenye magofu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 askari wa Idi Amin walivuka mpaka, wakaua watu, wakaswaga ng'ombe wetu kwenda Uganda na kulivunja daraja la Kyaka, na serikali yake ikatangaza kwamba tangu siku hiyo mpaka ni mto. Waingereza na Wajerumani walikuwa wameuchora mpaka huo mwaka 1890 kwa kufuata latitudo ya digrii 1 kusini bila kuujali mto, na ndiyo sababu kipande chetu, ingawa ni Tanzania, kimetengwa na nchi yake kwa maji. Waliokimbilia upande wa Bukoba waliporejea, walikuta kuta zisizo na mabati na mazizi matupu.

Miaka yote niliyoishi Ulaya niliamini kwamba kuta zile zingali zimesimama. Mutukula nimeikuta mji wa malori, wenye kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Novemba 2017 na Rais Magufuli na Rais Museveni, na jambo hilo limenifurahisha. Kijijini kwetu ndiko nilikoshtuka.

Kwetu mtu huzikwa katika kibanja chake, yaani shamba la nyumbani kwake, karibu na migomba, ili anayekirithi kibanja alitunze na kaburi. Babu yangu aliuawa katika uvamizi ule, akazikwa upesi bila saruji wala msalaba, na alama yake ilikuwa mawe tuliyoyajua sote. Leo mahali pale ni shamba la mahindi. Mawe yamekuwa msingi wa nyumba, na mibuni iliyotuonyesha mwisho wa kibanja imeng'olewa. Kijana anayelima pale hakunikosea lolote: aliniamkia, akaniita baba, akanionyesha karatasi aliyoandikiwa alipouziwa, kisha akaniuliza kama ni kweli Amin alifika mpaka hapa. Swali hilo limeniuma kuliko kupotea kwa kibanja chenyewe.

Maneno ya Mwalimu ya Novemba 2, 1978 kuhusu uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin yanajulikana nchi nzima. Wanajeshi wetu waliokufa vitani wamelazwa katika makaburi ya mashujaa ya Kaboya kwa heshima wanayoistahili. Raia waliouawa kijijini kwetu, ambao kwa ajili yao jeshi lilivuka Kagera, hawana hata ubao mmoja wenye majina yao, na kila mvua inapopita jembe linawazamisha zaidi.

Ndugu mnaopanga kurudi, msianzie ofisini. Tafuteni kwanza mzee aliyekuwapo wakati wa vita, tembeeni naye mipaka yote, mwandike anayoyasema mbele ya majirani, ndipo muombe hatimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Msigombane na mkulima mtakayemkuta, kwa kuwa mara nyingi naye aliuziwa na mtu asiye na haki ya kuuza.

Nimeanza kuandika majina ya waliouawa katika ukoo wangu na kwa majirani wa bondeni. Mwenye mzee anayekumbuka aniletee jina la marehemu, jina la baba yake na mahali alipozikwa, nami nitaiwasilisha orodha hiyo kwenye mkutano mkuu wa kijiji tukaombe eneo la kuwajengea mnara.