Nyuzi 8, Nyuzi 18

Nikiwa bado mwanafunzi wa uhandisi nilipewa kazi ya kukadiria, kwa uigaji wa kompyuta, joto la bamba la alumini linalopozwa kwa maji, ambalo juu yake vingefungwa vifaa vya kielektroniki. Maji yalipita ndani ya matundu ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 2, kwa kasi ya nusu mita kwa sekunde. Nilichora wavu wa seli ndogondogo za kukokotolea, nikachagua modeli ya msukosuko ya k-epsiloni, yaani milinganyo inayokadiria jinsi maji yanavyovurugika na kuchanganyika, kwa kuwa ndiyo niliyoizoea, nikaiacha kompyuta ikokotoe usiku kucha.

Asubuhi nilikuta hesabu imetulia, majibu hayabadiliki tena. Maji yaliyotoka yalikuwa yamepanda joto kwa karibu nyuzi 6, sawasawa na nilivyopata kwa mkono, na ukuta wa tundu, mwishoni mwake, ulizidi joto la maji kwa nyuzi 8 tu. Niliandika ripoti nikiwa na hakika kamili.

Siku ya majaribio, vipimajoto tulivyopachika mahali hapohapo vilionyesha tofauti ya nyuzi 18. Nilishuku vipimajoto, nikashuku gundi iliyovishika, nikashuku hata pampu. Mwalimu wangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Namba ya Reynolds ni ngapi?"

Sikuwa nimeihesabu namba hiyo, inayoashiria kama mtiririko utakuwa tulivu au wenye msukosuko. Nilizidisha kasi kwa kipenyo, nikagawanya kwa mnato wa kinematiki wa maji (mnato uliogawanywa kwa msongamano), nikapata takriban 1,000, ilhali mtiririko ndani ya bomba kwa kawaida hubaki tulivu hadi namba hiyo ifike karibu 2,300. Osborne Reynolds alikwisha kulionyesha jambo hilo mwaka 1883, kwa uzi wa rangi ulionyooka ndani ya bomba la kioo hadi kasi ilipozidi, ukavurugika.

Modeli niliyoichagua ilikuwa imeyapa maji yangu msukosuko ambao hayakuwa nao, kana kwamba maji ya moto yaliyogusa ukuta yalikuwa yakichotwa na kutupwa katikati ya tundu, wakati kwa kweli yaliteleza kwa matabaka na joto likapenya polepole kutoka tabaka moja hadi jingine. Kilichonisumbua zaidi ni zile nyuzi 6 zilizonituliza moyo. Joto lote lilikuwa lazima liingie majini kwa vyovyote vile, kwa hiyo ulinganifu wa nishati usingeweza kunifichulia kosa. Swali lilikuwa ukuta ungepaswa kupanda hadi nyuzi ngapi ndipo joto hilo lipite.

Nilizima modeli ya msukosuko, nikarudia hesabu mbele ya mwalimu. Maji yalitoka na nyuzi zilezile 6, na ukuta ukapanda hadi nyuzi 17 juu ya maji. Jioni hiyohiyo tulianza kuchora bamba jingine, lenye matundu mengi zaidi ya kipenyo cha milimita 1, na safari hii nilihesabu namba ya Reynolds kabla ya kuchora seli ya kwanza.